Jina Nyuma ya Mwimo

Mpendwa Kaka,

Kwa niaba ya familia, na kwa idhini ya Mama ambaye hakuombwa, ninayo heshima kukutangazia kwamba mlango wa choo chetu hapa Kasingirima umetengemaa. Baada ya masika nzima ya kuupiga teke ili ufunguke na kuuegemezea ndoo ili ufunge, tangu Jumanne iliyopita unafunguka kwa kidole kimoja na kufungika kwa kidole hicho hicho. Majirani wamearifiwa. Wageni wawili wameujaribu bila kuwa na haja yoyote. Fundi mkuu wa kazi hiyo ni mimi, mdogo wako, na pongezi napokea barazani kila siku baada ya alasiri.

Basi hiyo ndiyo habari kubwa ya Ujiji. Nyingine ni kwamba umekufa. Wanasema kifua. Sisi tulipata habari ukiwa umekwisha kuzikwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, miezi mitatu, na aliyeileta ni binti yako, Zuhura, aliyeshuka na boti ya mizigo akiwa na nguo zake kwenye mfuko wa plastiki na vyombo vyako vya kazi kwenye mkoba wa turubai. Nguo hazikuwa na uzito. Mkoba ulinishinda kuuinua mara moja, akaunyanyua yeye.

Alifika akasimama mlangoni, mgongo kwenye mwimo, vilevile ulivyokuwa ukisimama wewe ukisubiri chai. Mama alikuwa mkekani anachambua dagaa. Mtoto akapiga goti, akatoa shikamoo, akasema anaitwa Zuhura binti Musa, ametoka ng'ambo. Mama aliitikia marahaba, maana mama yetu hajawahi kumnyima mtu marahaba, hata mgambo. Kisha nadhani ndipo alipolisikia vizuri: jina lake mwenyewe, Zuhura, limetoka kinywani mwa mtoto wako. Ulimpa jina lake na hukutuma salamu ya kutuambia. Mama akageukia ukuta.

"Huyu ni wa yule aliyenivunja," akaniambia mimi, kana kwamba mtoto ni kiziwi. "Mpe chakula. Kulala akalale kwa jirani."

Hapo ndipo tulipoanzia, Kaka. Mama yake mtoto, unajua, alitangulia kabla yako. Ng'ambo hana mtu, na huku amefika kwa bibi yake mzaa baba, ambaye hakutaka alale chini ya paa lake kwa sababu moja tu, ule mwimo wa gari. Zaidi ya miaka ishirini na mitano imepita na nyonga ya Mama haijasahau hata siku moja. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia wewe usiyeweza kusoma, nikiacha barua wazi ili wasome wanaoweza.

Siku ya pili mtoto alitoka chooni akaniambia kwa upole, "Baba mudogo, mwimo wa ule mulango umelala."

Nilicheka, maana neno mwimo nilidhani limebaki kinywani mwangu tu. Wiki moja nyuma nilimwita fundi seremala kutoka Rusimbi, kijana hodari mwenye simu mbili. Nikamwambia nadhani mwimo umeoza. Akanitazama kama nimemsomea hotuba ya Ijumaa. Akasema, "Mzee, fremu?" Nikasema fremu ni zote kwa pamoja, mimi nasema mwimo. Akasema basi fremu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Kaka, nina chaki mfukoni na kitambi cha heshima, lakini nikanywea. Nikakubali fremu. Naye hakurudi, kwa hiyo nilijidhalilisha bure.

Watoto wa leo wakiuliza mwimo ni nini, nawaambia kama Baba alivyotuambia. Ni ule mti unaosimama wima ubavuni mwa mlango, mmoja kulia, mmoja kushoto. Chini yao kizingiti, juu yao kizingiti kingine. Mwimo mmoja unashika bawaba, wa pili unapokea komeo. Watu husifu mlango, hupaka rangi mlango, hugonga mlango, na mwimo umesimama pale pembeni unabeba yote, hakuna anayeutazama mpaka siku uoze.

Yale magari yalipoanza kuletwa uani kwetu, Baba hakutafuta maneno mapya. Alikuwa amechonga milango tangu ujana, akahamia kwenye bodi za mbao za malori, na kutoka hapo kwenye gari lolote lililopondeka. Kwake gari lilikuwa nyumba iliyopewa magurudumu. Kwa hiyo ile nguzo ya chuma inayosimama kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, inayoshika bawaba za huyu na kitasa cha yule na paa juu yao wote, aliiita mwimo. Madereva walimcheka, kisha wakaanza kusema hivyo hivyo. Unakumbuka yule wa lori la chumvi aliyeingia akipiga honi na kutangaza kwamba mwimo wake unamuuma kama jino? Wewe ulimjibu afungue mdomo. Baba alikutupia kipande cha mbao, akakukosa makusudi.

Na unakumbuka penseli. Hilo nalo nawasimulia watoto, hawaamini. Kabla ya mwimo kukazwa ukutani, Baba alitoa penseli nyuma ya sikio akampa kila aliyeugusa. Ulikuwa unaandika upande wa nyuma, ule utakaofunikwa na lipu, kazi uliyofanya na jina lako. "Nimekata mimi, Musa." "Nimepiga randa mimi, Idi." Kwenye gari tuliandika ndani ya mwimo, chini ya kile kitambaa cha kufunika chuma. Wenye nyumba hawakuyaona majina hayo. Baba alisema si ya kuonwa na mwenye nyumba, ni ya fundi atakayekuja kuubandua baada ya miaka thelathini, ajue amtukane nani. Nusu ya nyumba za Ujiji zina majina yetu ndani ya kuta.

Sheria yake nyingine ilikuwa fupi zaidi: mwimo haukatwi. Mlango ukibana, utapunguza mlango. Ukuta ukizidi, utachonga ukuta. Mwimo ukishausimamisha, acha.

Sasa nifike kwenye hadithi. Kuna hadithi moja ambayo mimi ndiye mwenyewe, Kaka, nimeisimulia harusini, matangani baada ya watu kula, kwenye ofisi ya walimu, na kwa Mama siku mguu ukimsumbua, ili acheke kidogo. Naisimulia vizuri mno. Inaanza na Baba kupanda boti kwenda Mwamgongo kutia milango ya madrasa, siku tatu hayupo. Anaingia uani mfanyabiashara wa dagaa, yule tuliyemwita Bwana Haraka kwa sababu hata salamu alikuwa anazikatiza. Ana gari lake, pijo la abiria. Anataka mwimo wa katikati uondolewe upande wa kushoto ili milango miwili ifunguke kama kabati, magunia yaingie bila kupinda. Hapo nabadilisha sauti nakuwa wewe. Natembea kifua mbele, nalizunguka pijo mara tatu, nasema, "Bwana, hapa umefika." Nachukua msumeno wa chuma. Nakata huku naimba. Watu wanakuwa hoi. Nikifika pale paa linaposhuka kidogo kidogo na Bwana Haraka anauliza kama ni kawaida, nawe unamjibu kwamba gari linakusalimia, Kaka, hata imamu alishika mbavu.

Jina la Musa Msumeno lilitoka kwangu. Mtaa mzima ulilishika. Zuhura alipouliza njia siku aliyofika, walimwelekeza wakisema, ah, wewe ndiye binti wa Musa Msumeno. Alinieleza hilo bila hasira. Alidhani ni sifa ya ufundi.

Basi Jumanne. Asubuhi Zuhura alifungua mkoba wako akatoa patasi, nyundo, na timazi. Ile ile ya shaba, Kaka, yenye kovu upande mmoja. Baba aliitafuta mpaka anakufa. Katika hadithi yangu huwa nasema uliiiba. Akaning'iniza uzi wake mbele ya mlango wa choo, akafumba jicho moja, akasema mwimo umelala vidole viwili, na chini mchwa wamekula. Mama alikuwa ameketi uani na fimbo yake, amempa mgongo, lakini masikio alikuwa ameyaelekeza kwetu.

Nami, kwa kuwa mdomo wangu hauwezi kukaa kimya penye watu wawili, nikaanza. Nikamwambia mtoto asishangae, mlango huo tangu mwanzo ulikuwa na kasoro, aliukata baba yake enzi zile, mkono wake ulikuwa na haraka. Nilisema kwa utani. Mama alicheka puani.

Zuhura alisogea mlangoni. Akachokonoa lipu, akaingiza patasi, mwimo ukaachia ukuta kwa mlio mrefu. Akaugeuza, akaufuta vumbi kwa kiganja, akausogeza juani. Akasoma taratibu, kwa ule usomaji wa mtu aliyefundishwa nyumbani.

"Nimekata mimi, Idi. Nimesimamisha mimi, Idi."

Hapakuwa na jina lako hata moja. Mlango wa choo niliutengeneza nikiwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nimesahau, au nilikuwa nimejisahaulisha, ukishasimulia kitu mara nyingi unaanza kukiona.

Mtoto alinitazama kwa aibu, aibu ya kwake, kana kwamba amenifungulia mlango nikiwa sijavaa. Mama akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuutazama upande aliokuwapo mtoto.

"Idi," akasema. "Na ule wa gari. Nyuma yake palikuwa na jina la nani?"

Nilijibu kwamba misumari imekwisha. Nikavaa viatu nikaenda kununua misumari. Duka liko hatua arobaini. Mimi nilikwenda mpaka Rusimbi, nikapita maduka manne yenye misumari, nikashuka hadi ufukweni nikakaa juu ya boti iliyopinduliwa. Siku hiyo hewa ilikuwa safi, milima ya Kongo ilionekana mpaka mikunjo yake, na nikakasirika nayo. Nikakukasirikia na wewe. Kwa nini hukusema? Mara ngapi ungeweza kusema. Ulimtuma yule mchuuzi wa mawese na salamu kwa Mama, kwamba kama ameridhia utakuja. Salamu niliipokea mimi barazani. Nikamwambia akujibu kwamba Mama bado, uvumilie. Mama hakuwahi kujua kwamba kulikuwa na salamu. Alipokufa Baba sikukuarifu. Ungekuja ungeingia kwa mlango huu, na watu wangekuuliza, na wewe hukuwa na kipaji cha kusema uongo.

Niliporudi na misumari robo kilo mwimo mpya ulikuwa umekwisha kukatwa, umepigwa randa, umelala juu ya mkeka kama mgonjwa aliyeogeshwa. Zuhura alikuwa amekwisha kuandika upande wa nyuma. "Nimekata mimi, Zuhura binti Musa." Nani alimfundisha sikuuliza. Akatoa penseli nyuma ya sikio, akanishikisha, akanisogezea mti.

"Na wewe, baba mudogo, umefanya nini?"

Nilikuwa nimeshika misumari. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote. Kwa hiyo yale niliyokutangazia huko juu, kuhusu fundi mkuu, yafute.

Sasa nitaeleza ilivyokuwa, bila kubadilisha sauti.

Bwana Haraka alipokuja ulimkatalia. Ulimwambia mwimo haukatwi, ukamwelekeza afunge keria juu ya paa, ukaenda kuswali adhuhuri na kutoka huko ukaenda kutafuta mbao. Bwana Haraka alinikuta mimi. Akaniambia, "Wewe ndiye fundi wa kweli hapa, kaka yako ni mwoga." Maneno hayo tu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa nimewahi kuitwa fundi na mtu mwenye gari. Nilikata kuanzia hapo mpaka karibu na alasiri, mikono inatoka malengelenge, na sikuimba. Niliogopa tangu meno ya kwanza ya msumeno. Paa liliposhuka nikalisukuma juu kwa gogo, nikakaza bamba la chuma chini na vipande viwili vya mbao. Kisha kile kipande cha mwimo nilichokitoa nikakigeuza nikaandika ndani yake, kwa herufi kubwa, kwa kujivuna: Nimekata mimi, Idi.

Ulirudi ukakiona. Hukunipiga. Ulitaka kukirudisha na kuchomelea hapo hapo, lakini umeme ulikuwa umekatika, na Bwana Haraka hakungoja. Ulimshika mkono akauondoa. Kesho yake asubuhi alipita hapa akawapa kina mama lifti kwenda Kibirizi kuchukua dagaa. Mama alikaa kushoto. Kwenye mteremko tairi liliingia mtaroni, bodi likajikunja pale pasipo na kitu, mlango ukafunguka wenyewe. Unajua jinsi alivyolala pale barabarani. Wewe ndiye uliyembeba.

Mimi nilikuwa uani. Habari ilipofika nilichukua msasa nikalifuta jina langu. Chuma kiling'aa kama kijiko. Uliporudi kutoka hospitali kuchukua kanga zake ulinikuta bado nasugua. Ulisimama pale, mgongo kwenye mwimo. Ulitazama, ukachukua kanga, ukaondoka.

Baba alirudi kutoka Mwamgongo jioni ya siku ile. Akaokota kile kipande, akakigeuza, akapitisha kidole pale palipong'aa. Aliuliza nani amekata. Kisha akauliza nani amefuta, na hiyo sauti sikuwahi kuisikia tena. Alisema kukata ni ujinga, ujinga unafundishika, lakini aliyefuta, yeye Baba hatamfundisha tena kitu chochote. Nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu. Ulisubiri, Kaka. Najua ulinisubiri, muda ule ulitosha mtu kusema maneno mawili.

Ndipo uliposema, "Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa hapa."

Hukusema umekata. Hukusema umefuta. Baba alisikia alichosikia, nami nikamwacha asikie. Ulipokuwa unafunga begi kuvuka ng'ambo nilitumbukiza timazi ndani, chini ya mashati. Hukuiiba. Ilikuwa badala ya neno, na haikutosha. Nadhani ulijua, kwa kuwa hukuirudisha.

Hayo yote niliyasema Jumanne, nimeshika penseli, mbele ya Mama na mbele ya binti yako. Nilisema kwa maneno machache kuliko haya. Nilisema, "Ule wa gari nilikata mimi. Na jina nilifuta mimi." Na salamu ya yule wa mawese nikaitaja, maana nilijua nikiiacha hiyo nitakuwa nimefuta tena.

Kuku walirudi kwenye dagaa walioanikwa uani na hakuna aliyewafukuza. Nilitegemea atalia au atanipiga kwa fimbo. Ningependa anipige.

"Umenichekesha," akasema. "Miaka yote hii umekaa hapa unanichekesha."

Kisha akanyoosha mkono, si kwangu. Akasema, "Somo, ninyanyue." Zuhura akamwinua, wakaingia ndani, na mkoba wako wa turubai ukaingia nao. Tangu siku hiyo mtoto analala chumbani kwa bibi yake. Mimi nikitoa shikamoo asubuhi naitikiwa marahaba, kwa sauti ya kumwitikia mgambo, na Mama anatazama ukuta.

Mwimo ulikazwa saa kumi. Chini ya jina la binti yako kulikuwa na nafasi, nikaandika: Nimeshika misumari mimi, Idi. Nimekata mwimo wa pijo mimi, Idi. Musa hakukata. Halafu lipu ikafunika. Ukweli wako, Kaka, umekaa chooni, nyuma ya mti wa mninga, na hilo ni kosa langu pia, kwa hiyo nimeunakili hapa panaposomeka.

Pumzika huko. Kaburi lako sijaliona, na boti ya Kalemie huondoka bandarini kila nikiwa na sababu ya kubaki. Mlango unafunga vizuri sana. Mama akiutumia usiku wala sisikii.

Mdogo wako, aliyefuta.